Miamba inayodaiwa na nchi nyingi kwa wakati mmoja: tuulize kwanza nani anavua hapo

Mwenyeji wa Kondele (Kisumu), mwanzilishi wa uzi

Wanajukwaa, salaam. Kila suala la Migingo, kijisiwa cha Ziwa Victoria kinachobishaniwa na Kenya na Uganda, linapozuka hapa Kisumu, mjadala wetu huishia kwenye swali moja tu, kwamba kisiwa ni cha nani, na kila anayejibu hutaja bendera, polisi na ramani. Swali hilo ni halali, lakini naamini tumelitanguliza mahali ambapo lingepaswa kufuata. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia migogoro ya miamba na vijisiwa vya mbali katika bahari mbalimbali, na jambo moja limenigusa kuliko mengine yote: waamuzi wa kimataifa wameshatenganisha mara kadhaa mambo mawili ambayo sisi huyachanganya, yaani umiliki wa mwamba na haki ya mvuvi aliyekuwa akivua hapo kabla serikali hazijaanza kugombana.

Nianze na Bahari ya Kusini mwa China. Visiwa vya Spratly ni mtawanyiko wa miamba ya matumbawe, mafungu ya mchanga na vijisiwa vinavyodaiwa vyote na China, Taiwan na Vietnam, huku Ufilipino, Malaysia na Brunei zikidai sehemu. Kikubwa kuliko vyote kwa asili yake ni Itu Aba, chenye urefu wa takriban kilomita 1.4, nacho kinashikiliwa na Taiwan. Ufilipino imeweka raia wake Thitu, ambacho wenyewe hukiita Pag-asa. Malaysia ina kituo cha jeshi la majini na hoteli ya wapiga mbizi kwenye mwamba wa Swallow. Watu wamekufa kwa ajili ya mawe haya: tarehe 14 Machi 1988 wanajeshi 64 wa Vietnam waliuawa walipokabiliana na wanamaji wa China katika mwamba wa Johnson South, ambao sehemu yake kubwa humezwa na maji yanapojaa. Mwaka 1999 Ufilipino iliikwamisha kwa makusudi meli kuukuu ya kivita, BRP Sierra Madre, iliyoundwa mwaka 1944, juu ya mwamba wa Second Thomas, na hadi leo kikosi kidogo cha askari kinaishi ndani ya chuma hicho kinacholiwa na kutu ili nchi yao iweze kusema kwamba ipo pale. China nayo, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2013, ilimwaga mchanga na saruji juu ya miamba saba hadi ikapata karibu hekta 1,300 za ardhi mpya, ukiwemo uwanja wa ndege wa takriban mita 3,000 kwenye Fiery Cross.

Taifa huhangaikia jiwe kwa sababu ya maji yanayolizunguka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, unakipa kisiwa halisi maili 12 za bahari ya nchi na eneo la kiuchumi la maili 200, sawa na kilomita 370. Kisiwa kimoja kilicho peke yake katikati ya bahari kinaweza hivyo kumpatia mwenyewe duara la zaidi ya kilomita za mraba 430,000, ambalo ni zaidi ya mara sita ya Ziwa Victoria lote, pamoja na samaki, mafuta na gesi iliyomo. Hata hivyo, ibara ya 121 ya mkataba huohuo inasema kwamba mwamba usioweza kuhimili makazi ya watu wala maisha yake wenyewe ya kiuchumi hupata maili 12 tu, na kile kinachojitokeza wakati wa maji kupwa pekee hakizai bahari yake chenyewe. Hapo ndipo penye vita vyote vya hoja: je, hiki ni kisiwa, ni mwamba, au ni tumbawe tu linalochungulia maji yanapokupwa?

Ufilipino ilipeleka swali hilo kwa waamuzi mwezi Januari 2013, na tarehe 12 Julai 2016 jopo la watu watano, likiongozwa na Thomas Mensah wa Ghana, likatoa uamuzi wake. Lilikataa hoja ya China kwamba ina haki za kihistoria juu ya rasilimali zote zilizo ndani ya mstari wake wa vistari tisa, yaani ule inaouchora kwenye ramani kuzunguka karibu bahari hiyo yote. Lilisema kwamba hakuna hata kimoja kati ya vijisiwa vya Spratly, hata Itu Aba chenye kisima na miti, kinachostahili eneo la kiuchumi, kwa kuwa askari wanaoletewa mahitaji yao kutoka bara si jamii iliyojenga maisha pale. Tena lilisema kwamba ujenzi ule mkubwa umeyaharibu vibaya matumbawe. Lakini jopo halikusema hata neno moja kuhusu nani mwenye miamba hiyo, kwa kuwa mkataba haukulipa mamlaka hayo.

Sehemu ya uamuzi ambayo magazeti yetu hayakuitilia maanani ndiyo ninayoiona kuwa na thamani zaidi kwetu. Scarborough ni mwamba ulio takriban kilomita 220 magharibi mwa kisiwa cha Luzon, na tangu mvutano wa mwaka 2012 China iliwazuia wavuvi wa Ufilipino kuukaribia. Jopo lilisema kwamba, bila kujali mwamba ni wa nani, wavuvi wadogo wa mataifa kadhaa, wakiwemo Wafilipino na Wachina wenyewe, wamevua hapo kwa vizazi, na kwamba haki yao haifutwi na madai ya serikali yoyote. Mvuvi alipewa haki yake ilhali mwenye mwamba hajajulikana.

Karibu zaidi na sisi, Eritrea na Yemen zilipigania visiwa vya Hanish katika Bahari ya Shamu mwezi Desemba 1995. Zilikubali kwenda mbele ya waamuzi, na mwaka 1998 Yemen ikapewa Zuqar na Hanish, Eritrea ikapewa vijisiwa vingine vilivyo karibu na pwani yake. Waamuzi hawakuishia hapo. Waliagiza kwamba utaratibu wa jadi wa uvuvi uendelee kwa wavuvi wa pande zote mbili, na katika uamuzi wa pili wa mwaka 1999 wakafafanua kwamba mvuvi mdogo anaweza kupita, kuingia bandari za upande wa pili na kuuza samaki wake huko, wala mstari wa mpaka uliochorwa baharini hauondoi haki hiyo. Meli kubwa za kibiashara hazikuhusishwa.

Nauliza, basi: kwa nini sisi wa ziwani tumekaa zaidi ya miaka ishirini tukibishania jiwe la takriban mita za mraba 2,000, na hatujadai jambo ambalo wavuvi wa Bahari ya Shamu walilipata licha ya vita vyao?

Mkazi wa Kaptembwo (Nakuru)

Ndugu, nimesoma yote kwa makini na ninashukuru. Hata hivyo, naona umeipa sheria nguvu ambayo haina. China ilitangaza tangu mwanzo kwamba haitashiriki, haitakubali, haitatambua wala haitatekeleza uamuzi ule, na imefanya hivyohivyo. Mwamba wa Mischief, ambao jopo lilisema uko ndani ya eneo la kiuchumi la Ufilipino, umekuwa mikononi mwa China tangu mwaka 1995, na sasa una uwanja wa ndege. Mwenye saruji na manowari ndiye aliyebaki. Anayekaa hapo miaka hamsini si atakuwa mwenye mali?

Wakili Mstaafu (Milimani, Kisumu)

Swali la ndugu wa Nakuru linastahili jibu la kina, kwa sababu wengi huamini kwamba kukaa kwa nguvu hugeuka kuwa haki. Katika mashauri ya visiwa, waamuzi hutafuta siku ambayo mzozo ulidhihirika, na yale ambayo nchi ilitenda baada ya siku hiyo kwa nia ya kuimarisha madai yake hayahesabiwi. Ndiyo sababu saruji ya mwaka 2014 haiwezi kuongeza uzito katika mizani ya umiliki, hata kama inampa aliyeijenga faida kubwa ya kijeshi.

Kinachohesabiwa mara nyingi ni vitu vidogo vilivyofanywa bila kelele kabla ya ugomvi. Tazama shauri la Ligitan na Sipadan kati ya Indonesia na Malaysia, lililoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 17 Desemba 2002. Kila upande ulileta mikataba ya kikoloni na ramani, na mahakama ikaona kwamba hazitoshi. Lililoamua ni kwamba watawala wa Borneo Kaskazini walikuwa wamedhibiti ukusanyaji wa mayai ya kasa tangu mwaka 1917, na mwaka 1933 wakaitenga Sipadan kuwa hifadhi ya ndege. Malaysia, kama mrithi wao, ikapata visiwa vyote viwili. Yaliyofanywa baada ya mwaka 1969, mzozo ulipojitokeza, yaliwekwa kando.

Shauri la Pedra Branca la mwaka 2008 linafundisha zaidi. Mwamba huo ulio kwenye mlango wa mashariki wa Mlangobahari wa Singapore una mnara wa taa uliojengwa zamani za Waingereza. Mahakama iliona kwamba hapo mwanzo ulikuwa mali ya Usultani wa Johor, ambao leo ni sehemu ya Malaysia. Lakini mwaka 1953 afisa wa Johor alijibu barua ya Singapore kwa kusema kwamba serikali yake haidai umiliki wa mwamba huo. Barua hiyo fupi, pamoja na ukimya wa miaka iliyofuata huku Singapore ikiendesha shughuli zake pale, ndiyo iliyoigharimu Malaysia mwamba wenyewe. Mwamba jirani wa Middle Rocks ulibaki wa Malaysia.

Katika Karibi kuna mfano mwingine ambao sijaacha kuustaajabia. Kolombia na Nikaragua zilibishania vijisiwa na miamba kama vile Serranilla, Bajo Nuevo, Roncador na Quitasueño. Marekani nayo iliwahi kudai baadhi yake kwa sheria yake ya mwaka 1856 iliyowaruhusu raia wake kutwaa visiwa vyenye samadi ya ndege, na madai yake juu ya Serranilla na Bajo Nuevo hayajafutwa. Mahakama ilipoichunguza Quitasueño ikakuta kwamba kati ya vichwa vyote vya matumbawe pale ni kimoja tu kinachobaki juu ya maji yanapojaa, kwa kiasi cha sentimita 70 hivi. Kwa mujibu wa sheria ya bahari hicho ni ardhi, na tarehe 19 Novemba 2012 ikatamkwa kuwa ya Kolombia pamoja na mengine. Kolombia ilishinda vijisiwa vyote, lakini ilipoteza sehemu kubwa ya maji iliyokuwa ikiyahesabu kuwa yake, na wavuvi wa San Andrés, kisiwa cha Kolombia katika bahari hiyo, ndio waliolia zaidi. Hapo hoja ya mwanzilishi wa uzi inapata ushahidi kutoka upande wa pili: unaweza kushinda mwamba na mvuvi wako akashindwa.

Binti Mfangano (Homa Bay)

Shikamoo wakili, na shukrani kwa ndugu aliyeanzisha uzi. Mimi nimezaliwa na kulelewa visiwani, na nyumbani kwetu tunaishi kwa samaki aina ya mbuta na omena. Naomba nieleweshwe jambo moja. Ziwa si bahari. Hakuna maji kujaa na kupwa hapa, wala sijasikia mtu akitaja maili 200. Mifano hii inatuhusu kwa njia gani? Wavuvi wetu hukamatwa wakiwa ndani ya maji, hutozwa pesa na kunyang'anywa nyavu na injini. Hakuna anayewauliza kama wanakaa juu ya mwamba wa nani.

Wakili Mstaafu (Milimani, Kisumu)

Marahaba, binti yangu. Umesema kweli, na jambo hilo ni zito. Mkataba wa Sheria ya Bahari hauhusu ziwa letu. Mwamba wa baharini huzaa maji yake, bali mwamba wa ziwani hauzai chochote, kwa sababu maji yote yamekwisha kugawanywa kwa mstari. Mstari kati ya Kenya na Uganda ulielezwa katika amri ya Waingereza ya mwaka 1926 iliyoweka mipaka ya koloni la Kenya, na nchi za Afrika zilikubaliana Kairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka zilizoirithi wakati wa uhuru. Kwa mujibu wa mstari huo Migingo iko upande wa Kenya, takriban nusu kilomita kutoka mpakani. Mwaka 2009, mzozo ulipopamba moto, Rais Museveni mwenyewe alikiri hadharani kwamba kisiwa kiko Kenya, ila akasisitiza kwamba maji ya upande wa magharibi ni ya Uganda na kwamba Wakenya wanavua humo kinyume cha sheria.

Tafakari maana yake. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa, na mbuta wakubwa wako kwenye maji yenye kina yaliyo ng'ambo ya mstari. Tukipewa Migingo leo kwa hati yenye mhuri, mvuvi wako atatoka kisiwani asubuhi, na baada ya nusu kilomita atakuwa ugenini tena.

Kijana wa Lurambi (Kakamega)

Nakubaliana na mengi yaliyosemwa, lakini tuwe wakweli kuhusu nchi yetu. Tunaposema kwamba China inadharau waamuzi, tukumbuke shauri letu na Somalia. Somalia ilitushtaki mwaka 2014 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mpaka wa baharini. Sisi hatukushiriki katika vikao vya mdomo vya mwezi Machi 2021, na tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ilipotupilia mbali dai letu la mpaka unaofuata mstari wa latitudo na kuchora mwingine, serikali yetu ikatangaza kwamba inaukataa uamuzi huo mzima. Tulikuwa tumekwisha kujiondoa katika mamlaka ya lazima ya mahakama hiyo. Linaniuma kama raia. Nchi inayotaka mstari wa mwaka 1926 uheshimiwe ziwani haina budi kuheshimu mistari isiyoipendeza baharini, ama sivyo jirani wa magharibi atatuuliza swali ambalo hatutakuwa na jibu lake.

Mwalimu wa Nambale (Busia)

Ningependa tusiisahau Bahari Hindi yetu wenyewe, kwa sababu huko dhuluma ya ukoloni iko wazi kabisa. Katika Mlangobahari wa Msumbiji na kandokando yake kuna visiwa vidogo vinavyoshikiliwa na Ufaransa: Europa, Juan de Nova, Glorieuses na Bassas da India, ambacho karibu chote huzama maji yanapojaa. Madagaska inavidai vyote, na Komoro inadai Glorieuses. Ufaransa ilivitenga na Madagaska kwa amri ya tarehe 1 Aprili 1960, ilhali Madagaska ilipata uhuru tarehe 26 Juni mwaka uleule. Mwaka 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Ufaransa ianze mazungumzo ya kuvirejesha. Havijarejeshwa.

Mashariki mwa Madagaska kuna Tromelin, kisiwa cha takriban kilomita moja ya mraba, tambarare, kinachopigwa na upepo mwaka mzima. Ufaransa inakishikilia, nayo Morisi inakidai. Mwaka 1761 meli ya Kifaransa iitwayo L'Utile, iliyokuwa imewabeba Wamalagasi kwa siri ili wakauzwe utumwani, ilivunjikia hapo. Mabaharia Wafaransa walitengeneza chombo kutokana na mbao za meli, wakaondoka wakiahidi kurudi, wakawaacha makumi ya Wamalagasi juu ya mchanga. Ilipita miaka kumi na mitano. Mwishoni mwa mwaka 1776 waliokutwa hai walikuwa wanawake saba na mtoto mchanga wa miezi minane. Leo mataifa yanabishania kisiwa hicho kwa ajili ya jodari wa eneo la kiuchumi linalokizunguka, na waliokiishi kwa uchungu kuliko mtu mwingine yeyote hawana serikali inayodai kwa niaba yao. Mwaka 2010 Ufaransa na Morisi zilitia saini makubaliano ya kukisimamia kwa pamoja, lakini bunge la Ufaransa halikuyaridhia.

Mkazi wa Kaptembwo (Nakuru)

Wakili, mwalimu, nimeelewa. Basi swali langu la mwisho: kwa nini Kenya na Uganda zisigawane tu Migingo? Kanada na Denmaki ziligawana Kisiwa cha Hans mwaka 2022 baada ya kubishana kwa karibu miaka hamsini.

Mwenyeji wa Kondele (Kisumu), mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu, Kisiwa cha Hans kina zaidi ya kilomita ya mraba moja na hakuna anayeishi hapo, kwa hiyo mstari uliokikata katikati haukumgusa mtu. Migingo imejaa vibanda vya mabati vilivyobanana ukuta kwa ukuta, na mstari wowote utapita ndani ya chumba cha mtu. Tena, kama alivyoonyesha wakili, sheria haituhitaji kuligawa jiwe hilo: mstari wa mwaka 1926 unaliacha upande wa Kenya, na naamini Kenya haipaswi kukubali kulipunguza. Kinachohitaji makubaliano mapya ni maji.

Chombo cha kuyashughulikia tunacho. Mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulitiwa saini papa hapa Kisumu tarehe 30 Juni 1994 na Kenya, Uganda na Tanzania, na makao yake yako Jinja. Shirika hilo limefanya kazi ya kuhesabu samaki, kuoanisha kanuni za nyavu na kuzisaidia kamati za fuo, lakini kwa kadiri ninavyofahamu haki ya mvuvi mdogo kuvuka mstari haijawekwa katika maandishi yanayofunga pande zote. Eritrea na Yemen hazikuwa na jumuiya yoyote ya pamoja, na zilikuwa zimetoka kupigana. Sisi tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye soko la pamoja tangu mwaka 2010.

Ningependa kamati za fuo za Sori, Muhuru, Mfangano na Remba, pamoja na wenzao wa Namayingo upande wa Uganda, ziandike ombi moja la pamoja badala ya kila upande kupeleka malalamiko kwa serikali yake. Ombi hilo liwe na mambo yanayoweza kupimwa: leseni moja ya mvuvi mdogo inayotambuliwa pande zote mbili za mstari, ada inayojulikana na yenye risiti, ukubwa wa boti na nyavu uliokubaliwa ili mlango huo usitumiwe na matajiri wa meli kubwa, na ruhusa ya kushusha na kuuza samaki katika ufuo wowote ulio karibu, uwe wa Migori au wa Namayingo. Binti Mfangano, ikiwa kamati ya ufuo wenu iko tayari, niko tayari kusaidia kuandika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili na Kiingereza, na wakili akubali kuipitia kabla haijaenda Jinja.